Kitambaa cha Sakafu ya Hema

Nakolong Lomuria alikuwa na tabia iliyowachekesha wauzaji wa vitambaa mjini Isiolo. Hakununua kitambaa cha hema kwa kukitazama wala kwa kukishika. Alikitandaza juu ya gunia kavu, akakimwagia maji, akasubiri kidogo, kisha akakipigia magoti palepale penye maji. Alikaa hivyo mpaka wauzaji wakaanza kutazamana. Akiinuka aligeuza gunia na kulipapasa kwa kiganja. Akikuta unyevu hata wa ukubwa wa sarafu, alienda zake bila kuaga.

Hakuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa miaka mingi alikuwa fundi kama mafundi wengine. Kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya soko, na ndani yake mlikuwa na cherehani mbili, moja ya kawaida na nyingine nzito ya kushonea ngozi na turubai. Alifanya kazi na mdogo wake, Ekuam, ambaye alikata vitambaa, alipeleka mizigo na kununua vifaa. Yeye mwenyewe hakuwa na mume wala mtoto. Ekuam ndiye aliyekuwa jamaa yake wa karibu hapa mjini.

Kilichombadilisha ni mafuriko ya mwaka juzi. Mto ulipofurika huko Burat, watu wenye mashamba kandokando yake walihamia mwinuko mdogo na vitu vichache walivyookoa, na kina mama wa kanisa wakamwomba Nakolong awashonee mahema sita yenye sakafu. Alimpigia simu Abdinajib, mzee mwenye duka la maturubai karibu na mahali malori yanapoegeshwa, akamwomba kitambaa kizito cha sakafu. Ekuam akaenda kukichukua kwa mkokoteni.

Kitambaa kilikuja cha kijani kibichi. Nakolong alipokiinua alikiona chepesi kuliko alivyotarajia. Akakimwagia jagi moja la maji, na maji yakasimama juu yake kama shanga. Watu walikuwa wakisubiri mvuani. Akashona usiku na mchana.

Mahema yalikaa wima. Mapaa hayakuvuja. Lakini mvua ya siku ya tatu ilipolowesha ardhi, maji yalianza kupanda kutoka chini kila mahali palipolaliwa. Ukiweka mkono wazi juu ya sakafu ulibaki mkavu; ukiuegemea, uliloa. Kitambaa kile kilizuia maji mpaka mtu alipokilalia. Katika moja ya mahema hayo alikuwamo mama kijana aitwaye Kagwiria, mwenye mtoto wa siku tisa. Mtoto alishikwa na nimonia na akalazwa wiki tatu. Alipona, lakini tangu hapo Kagwiria akikutana na Nakolong barabarani alivuka upande wa pili.

Nakolong alikata kipande cha sakafu ile, akaenda nacho kwa Abdinajib, akakitupa juu ya meza mbele ya wateja na kumwita mwizi. Mzee yule alikiokota, akakigeuza, akasema si kitambaa chake, na kwamba amuulize aliyekuja kukichukua. Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi, kwamba mtu mwenye kosa anataka kumsingizia ndugu yake. Alipomuuliza Ekuam, Ekuam alisema kitambaa kilitoka kwenye stoo ya mzee, yeye alibeba tu alichopewa. Basi kwa miaka miwili Nakolong aliwaambia watu wote aliowajua wasinunue turubai kwa Abdinajib, na wengi walimsikia.

Mwaka huu, mwezi wa tisa, alikuja mteja kutoka Biliqo. Jina lake Molu, mtu mwembamba wa makamo aliyevaa kikoi na koti kuukuu. Alisema ametumwa na nyumba kumi ambazo huhama na ngamia wakati wa ukame, na ambazo mwaka huu zilitaka mahema madogo yenye sakafu. Hakuketi kwenye kiti alichopewa. Alitembea kibandani akishika kila kilichoning'inia, akivuta mishono kwa vidole viwili.

"Mama fundi," alisema mwishowe, "mimi nimesikia ile maneno ya Burat. Nataka uniambie wewe mwenyewe. Hiyo yetu itazuia maji ama itapitisha?"

Nakolong alimjibu kwamba bado hajui atatumia kitambaa gani, na hawezi kuapia kitu asichokijaribu. Alimwomba mwezi mmoja. Molu alimtazama kama anayepima iwapo jibu hilo ni la ukweli au la ujanja, kisha akasema mwezi ukiisha atarudi yeye mwenyewe, hatatuma mtu.

Ndipo kazi ya kuchagua ilipoanza. Nakolong alizunguka mji mzima. Turubai la plastiki la bluu lilizuia maji vizuri sana, lakini alikuwa ameona ya namna hiyo yakichanika kama karatasi baada ya msimu mmoja wa jua, na sindano ikipita inaacha tundu linalopanuka. Marekani nene, ile ya pamba, ilifaa kuta, ilipumua na haikufanya ndani kuwe joto, lakini ukiilaza chini mchwa wanaila kabla mwezi haujaisha. Nailoni nyembamba yenye utando upande mmoja ilimvutia kwa wepesi wake. Aliipigia magoti, na alipogeuza gunia akakuta alama mbili za maji, moja kwa kila goti.

Siku ya nne Ekuam alikuja na furaha, na jora begani. Alikuwa amempata muuzaji mmoja wa Meru aitwaye Koome, aliyekuja na pikapu iliyojaa kitambaa cha mabango, yale makubwa ya matangazo ya barabarani. Upande mmoja ulikuwa mweupe, upande mwingine ulikuwa na nusu ya uso wa mwanamke anayetabasamu kwa ajili ya sabuni. Kilikuwa kizito. Nakolong alikimwagia maji, akapiga magoti, akakaa mpaka miguu ikafa ganzi. Gunia likabaki kavu.

"Si nilikuambia," alisema Ekuam. "Hii ndiyo yenyewe. Nimwambie Koome atuwekee ngapi?"

Nakolong alisema asubiri. Watu wa Molu hawakai mahali pamoja. Hema linakunjwa, linafungwa kwa kamba juu ya ngamia, linafunguliwa tena. Alikata kipande, akakaa nacho mlangoni huku akisikiliza redio, akawa anakikunja na kukikunjua kwenye mkunjo uleule, mchana wote na kesho yake. Jioni ya siku ya pili mkunjo ule ulikuwa umegeuka mstari mweupe kama kovu. Alipokiinua dhidi ya mwanga aliona vitundu vidogo vimejipanga kama vilivyotobolewa na sindano.

Ekuam aliudhika kuliko ilivyostahili. Alisema hakuna mchungaji atakayekunja hema mara mia mbili, na kwamba dada yake amekuwa mgonjwa wa shaka. Baadaye Nakolong, akiwa anafagia vipande, alitamka tu, kama mtu anayewaza kwa sauti, kwamba labda ni wakati wa kwenda kuona Abdinajib ana nini siku hizi.

"Ya nini kwenda kwa yule?" Ekuam alisema haraka. "Yule alikufanya nini? Umesahau?"

Kisha akawa mkarimu ghafla. Alijitolea kwenda Nanyuki kutafuta. Alijitolea kwenda Nairobi kwa nauli yake. Mtu ambaye kumtuma sokoni tu ilikuwa kazi, sasa alikuwa tayari kuvuka nusu ya nchi kutafuta kitambaa. Nakolong alikubali kwa kichwa na kuendelea kufagia, lakini moyoni kitu kilikuwa kimeingia na hakikutoka.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba Koome anampa Ekuam kitu kidogo pembeni. Asubuhi iliyofuata alimfuata Koome alikokuwa ameegesha pikapu yake, akazungumza naye kuhusu bei, kuhusu barabara, kisha akaingiza jina la ndugu yake kana kwamba ni jambo la kupita. Koome alicheka. Alisema Ekuam hakuomba chochote, hata lile jora la sampuli alilinunua kwa pesa yake mwenyewe. Jambo moja tu lilimshangaza Koome: Ekuam alimuuliza mara mbili kama anafahamiana na Abdinajib.

Nakolong alirudi kibandani kwake, na jibu hilo lilikuwa baya kuliko lile alilotarajia. Kama angekuta ni tamaa angeielewa. Lakini mtu anayetumia pesa yake ili dada yake asiingie duka fulani anaogopa kitu kilichomo humo dukani.

Akaenda.

Abdinajib alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki akikunja turubai la lori. Nakolong alisema habari, na mzee aliitikia bila kuinua macho, akaendelea kukunja mpaka alipomaliza. Nakolong alisema anataka kuona kitambaa cha sakafu. Mzee aliinuka polepole, akaingia nyuma, akarudi na jora zito ambalo alilibwaga mezani kwa kishindo. Kitambaa chake kilikuwa cha kijani kibichi. Rangi ile ile. Lakini hiki kilikuwa kinene, kimefumwa kwa nyuzi ngumu ndani na kufunikwa pande zote mbili, na kilikuwa na uzito unaovuta mkono chini.

Mzee aliufunua ukingo wake. Nyuzi mbili za manjano zilikuwa zimefumwa humo, zikienda sambamba tangu mwanzo wa jora.

"Kila jora yangu ya sakafu iko na hii," alisema. "Ile kitambaa ulinitupia hapa haikuwa na kitu kwa ukingo. Nilikuambia si yangu. Ukaniita mwizi."

Nakolong alikumbuka kwamba mzee alikuwa amekigeuza kile kipande siku ile, akitafuta kitu pembeni. Lakini kukumbuka si kuamini. Alijiambia kuwa mfanyabiashara amekuwa na miaka miwili ya kutunga maneno, na nyuzi mbili za manjano zinaweza kuwa zimeanza kufumwa jana. Alimwambia hivyo, wazi, ingawa kwa sauti ya chini.

Abdinajib hakukasirika. "Usiniamini," alisema. "Tafuta mtu mwenye alinunua kwangu mwaka ule. Uangalie kwake."

Alimkatia kipande bure. Nakolong alikipeleka nyumbani kwake, si kibandani, na akakijaribu peke yake. Magoti hayakupitisha. Mkunjo haukufanya mstari. Alichoma mwiba wa mgunga katikati yake, na tundu likabaki tundu, halikuchanika. Kilichobaki kilikuwa ni maswali mawili ambayo hakuweza kuyajibu kwa maji na gunia: kitambaa hiki kitakuwaje baada ya miaka miwili ya jua la Isiolo, na je, zile nyuzi zilikuwapo mwaka ule?

Wiki hiyohiyo mke wa Ekuam, Akidor, alikuwa kwa wazazi wake Ngaremara. Alikuwa amejifungua mtoto wa pili, na mama yake alikuwa akimtunza. Nakolong alinunua sukari, majani chai na khanga, akasema Jumapili atampelekea. Ekuam alisema asijisumbue, jua ni kali, atampelekea yeye mwenyewe Jumatatu. Alisema hivyo Alhamisi, akarudia Ijumaa, na Jumamosi jioni alikuja kuuliza kama mzigo uko tayari ili auchukue kabisa. Nakolong alimwambia bado anatafuta shuka.

Jumapili, ibada ilipokwisha, alipanda bodaboda bila kumwambia mtu.

Hakuwa amefika kwa baba yake Akidor, mzee Ekitela, tangu siku ya mazungumzo ya mahari, kabla ya mafuriko. Harusi ilifanyika kanisani mjini, na baada ya hapo hakukuwa na sababu ya kwenda. Boma lilikuwa hatua chache kutoka lami. Wanawake walikuwa wamekaa kivulini na magunia ya makaa wakingoja magari yasimame. Nakolong alishuka, akamlipa mwenye pikipiki, akageuka, na akaiona kabla hata hajawaona wenyeji.

Nyumba kubwa ya mviringo ya mzee Ekitela ilikuwa imefunikwa tangu juu mpaka karibu na ardhi kwa turubai la kijani kibichi.

Akidor alitoka akifurahi, akampa mtoto ambebe. Mzee Ekitela alikuja na kiti chake kidogo cha mbao, akamsalimu kwa mikono miwili, akamketisha kwenye kivuli cha ile nyumba. Akamuuliza habari za mji na za kanisa. Halafu akaweka mkono juu ya turubai lile, kama mtu anavyoweka mkono juu ya mgongo wa ng'ombe wake.

"Binti yangu, mimi sijawahi kukushukuru kwa mdomo," alisema. "Ekuam alituambia hii ni wewe ulituma. Mvua yote ya mwaka ule, hakuna tone iliingia. Wewe ndiyo ulitufunika. Kila mvua ikinyesha mimi nakutaja."

Nakolong alikuwa amempakata mtoto. Aliinama kidogo, kana kwamba anamfunika mtoto vizuri, na kwa mkono mwingine akaushika ukingo wa turubai uliokuwa karibu na bega lake. Rangi ilikuwa imefifia upande wa machweo. Kona moja iliyopigwa na upepo ilikuwa imechakaa. Lakini kitambaa hakikuwa kimepasuka popote, na alipokikunja kati ya vidole kilikunjika laini. Kwenye ukingo, nyuzi mbili za manjano zilikuwa zimepauka zikawa kama maziwa, lakini zilikuwapo.

Maswali yake yote mawili yalijibiwa kwa mara moja. Angetaka mojawapo libaki bila jibu.

"Nafurahi imewafaa, baba," alisema.

Alikunywa chai. Alisifia mtoto. Hakuweza kumwambia mzee yule kwamba shukrani zake za miaka miwili zilimwendea asiyestahili, na kwamba wakati yeye alipokuwa mkavu humu ndani, mtoto wa siku tisa alikuwa akilala ndani ya maji Burat. Alirudi mjini, na mwenye bodaboda alipomsemesha hakumsikia.

Jumatatu asubuhi alimkuta Ekuam tayari amefungua kibanda na anapaka mafuta cherehani. Nakolong aliketi mbele yake, akamwambia alikuwa Ngaremara jana. Ekuam aliendelea kupaka mafuta kwa muda, ingawa mahali pale palikuwa pameshapakwa. Kisha akaweka kopo chini.

Alieleza yote bila kuulizwa tena. Ndugu za Akidor walikuwa wakimcheka. Walikuwa wakisema anashona mahema ya watu mjini huku wakwe zake wananyeshewa. Aliwaahidi turubai, na siku ile ya mkokoteni, akiwa na jora zuri kuliko yote aliyowahi kubeba, lori la jamaa yake lilikuwa likielekea Ngaremara; akalipakia humo. Alijiambia ni pengo la wiki moja tu, atanunua lingine mzee Abdinajib akileta shehena mpya. Siku hiyohiyo alipata kwa mchuuzi wa soko la mifugo kitambaa cha rangi ileile, akakinunua kwa pesa yake.

"Nilimwagia maji, dada," alisema. "Ilishika. Singeileta kama haingeshika."

Nakolong alijua hilo ni kweli, kwa sababu na yeye alikuwa amefanya jaribio hilohilo na kuridhika nalo. Hilo halikumpoza.

"Kitambaa ningekusamehe," alimwambia. "Lakini ulikaa hapo ukinyamaza, mimi nikiita mtu mwizi mbele ya watu. Miaka miwili. Ulikuwa unaniona nikipiga magoti kwa kila duka, na wewe unajua."

Ekuam alisema alikuwa akijaribu kumwambia, na kila siku ilipopita ikawa ngumu zaidi. Machozi yalimlengalenga. Nakolong aliyatazama na akajikuta anajiuliza kama ni ya majuto au ya kukamatwa, na akachukia kwamba anajiuliza hivyo kuhusu mtoto wa mama yake.

Alimpa jambo moja la kufanya. Aende Burat kwa Kagwiria, amwambie kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa Abdinajib angetangulia yeye, maana matusi yalitoka kinywani mwake.

Alienda saa sita, wakati duka lina watu. Kulikuwa na madereva wawili wa malori na mama mmoja aliyekuwa akichagua kamba. Nakolong alisimama palepale aliposimama miaka miwili iliyopita, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kitambaa kile hakikutoka dukani humu, kwamba mwenye kosa ni wa nyumbani kwake, na kwamba kila aliyemwambia asinunue hapa atamrudia mmoja mmoja. Madereva walitazama chini. Abdinajib alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na ndugu yako?" aliuliza.

Nakolong alisema atakuja mwenyewe.

"Akija nitamuona." Mzee hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Aliuliza anataka mita ngapi. Kabla ya kukata alilifunua jora lote juu ya meza ili Nakolong auone ukingo tangu mwanzo hadi mwisho. Nakolong aliona aibu, lakini aliutazama wote.

Jioni Ekuam alirudi na kusema amefika Burat na amesema. Nakolong alimuuliza Kagwiria alijibu nini. Ekuam alisema hakujibu sana. Jibu hilo lilikuwa fupi mno. Nakolong alijaribu kulikubali, akashindwa, na kesho yake asubuhi akashika njia ya Burat yeye mwenyewe.

Kagwiria alikuwa akipalilia vitunguu. Kitoto cha miaka miwili kilikuwa kikimfuata kwenye mistari na kung'oa visivyopaswa kung'olewa. Safari hii hakukuwa na barabara ya kuvuka. Aliegemea jembe, akangoja.

Nakolong alisema amekuja kuuliza kama ndugu yake alifika.

"Alifika," alisema Kagwiria. "Alisimama hapo kwa ua. Nikamwambia aseme tena mume wangu akiwa hapa, akasubiri, akasema tena."

Nakolong alishukuru na kutaka kuondoka, lakini Kagwiria hakuwa amemaliza. "Lakini wewe ndiyo ulishona. Wewe ni fundi. Mkono yako ilishika hiyo kitambaa."

Nakolong angeweza kusema kuhusu mvua, kuhusu watu waliokuwa wakisubiri, kuhusu jagi la maji. Yote yalikuwa kweli. "Niliona ni nyepesi," alisema. "Niliona, nikaendelea kushona."

Hakuwahi kumwambia mtu maneno hayo. Uso wa Kagwiria haukulainika. Kisha akamwita mtoto, akamtoa udongo mdomoni, na bila kumtazama Nakolong akasema kifua cha mtoto sasa ni kizuri, isipokuwa mwezi wa saba kukiwa na baridi. Akarudi kwenye vitunguu vyake. Nakolong alisimama uani mpaka alipohakikisha hakuna lingine, akaondoka.

Mahema ya Biliqo aliyashona kwa siku kumi na moja. Kitambaa kile kizito kilivunja sindano tano. Sakafu alizipandisha ukutani kiasi cha shibiri moja kila upande, kama beseni, ili mshono usikae mahali maji yanapotuama, na kila mshono akaupaka gundi mara mbili. Mapaa alifanya ya kitambaa chepesi zaidi, kwa sababu paa halilaliwi na ngamia naye ana kikomo. Ekuam alikata na kupaka gundi. Ijumaa moja Ekuam alienda kwa Abdinajib, akakaa huko tangu asubuhi hadi wito wa sala, na aliporudi alisema tu kwamba mzee amemfanya apange stoo nzima.

Molu alirudi siku aliyosema. Alikuja na mpwa wake Liban, mwenye gari. Alitandaza hema moja nje, akaingia ndani, akalala chali, akatoka, akanusa gundi, akavuta kona zote nne. Aliuliza kitambaa kimetoka wapi. Nakolong alimwambia, na akamweleza pia kuhusu Burat yote, pamoja na ndugu yake, ambaye alikuwa amesimama hapohapo. Liban alimtazama Ekuam. Ekuam hakuondoka.

Molu alifikiri. "Nitachukua mawili kwanza," alisema. "Hayo mengine weka. Mvua ikinyesha tutajua."

Nakolong hakubishana naye. Alikunja mahema mawili, akamsaidia Liban kuyafunga nyuma ya gari, na manane yaliyobaki akayapanga juu ya rafu.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilikuja kubwa. Kwa wiki mbili hakupata habari yoyote kutoka Biliqo, simu ya Molu haikushika, na kila asubuhi Nakolong aliitazama ile rafu. Alhamisi ya wiki ya tatu Liban aliingia kibandani akiwa na matope mpaka magotini. Alisema ametumwa kuchukua manane yaliyobaki, na kama kuna kitambaa, nyumba nne nyingine zinataka pia.

Kitambaa hakikuwapo cha kutosha. Ekuam alishika mkokoteni, akamtazama dada yake. Nakolong alivua aproni, akafunga leso kichwani, akamwambia abaki na mteja. Mkokoteni akausukuma mwenyewe kwenda kwa Abdinajib.